Kidonge Kilichofanywa Bendera



Klorokwini waijua. Kama umekulia pwani yetu kabla ya mwaka 2000, basi umeimeza. Wakumbuka ule uchungu uliobaki kooni hata baada ya kunywa maji, na kwa wengi wetu ule mwasho wa mwili uliomfanya mgonjwa ajikune usiku kucha mpaka akaisahau homa yenyewe. Ilikuwa dawa ya kila duka. Kisha vijidudu vya malaria vikaizoea, isividhuru tena, na serikali zetu zikaiacha kuwa dawa ya kwanza ya homa hiyo, Kenya mwaka 1998 na Tanzania Bara mwaka 2001. Tuliagana nayo bila ya majonzi. Nani basi aliyedhani kwamba miaka ishirini baadaye kidonge hicho kingerudi katika habari za ulimwengu, safari hii mikononi mwa marais, na watu wa nchi kubwa wakagawanyika kwa ajili yake kama wanavyogawanyika wakati wa kupiga kura?

Napenda tukitazame kisa hiki kwa utulivu, kwani yaliyotokea katika mwaka 2020 na 2021 yamesimuliwa zaidi kwa kejeli kuliko kwa uadilifu, na kila upande umejihesabia haki.

Tuanze na dawa yenyewe. Klorokwini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934 na mwanakemia Hans Andersag, katika juhudi za kutafuta badala ya kwinini, ambayo hutoka katika gamba la mti wa Amerika ya Kusini. Baadaye akapatikana nduguye aliye mpole zaidi mwilini, haidroksiklorokwini, aliyeruhusiwa Marekani mwaka 1955. Huyu wa pili akaonekana kuwafaa pia wagonjwa wa baridi yabisi, na wale wenye maradhi yaitwayo lupus, ambamo mwili hujishambulia wenyewe. Maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao wanawake, huishi kwa dawa hiyo hadi leo. Tafadhali waweke wagonjwa hao moyoni, kwani tutarudi kwao.

Hapana budi pia tuelewe jambo moja la sheria. Dawa huruhusiwa na serikali kwa maradhi maalumu, lakini daktari aweza kuitumia kwa maradhi mengine akiona inafaa. Hilo si kosa. Aspirini ilianza kama dawa ya maumivu na homa, kisha ikajulikana kuwa huzuia damu kuganda. Kwa hiyo wale waliosema mwaka 2020 kwamba dawa kongwe yaweza kuponya ugonjwa mpya hawakusema upuuzi hata kidogo. Uviko ulikuwa mpya, chanjo haikuwapo, na watu walikuwa wakifa kwa kukosa pumzi huku madaktari wakiwatazama. Kufungua kabati na kujaribu kilichomo ni jambo ambalo kila mwenye huruma angelifanya.

Mwezi wa Februari 2020 watafiti wa Wuhan, Uchina, walieleza kwamba klorokwini imevizuia virusi vya Korona ndani ya vyombo vya maabara. Habari njema, lakini ya chomboni. Sabuni nayo huviua virusi hivyo, wala hakuna aimezaye. Mwezi uliofuata, huko Marseille, Ufaransa, Profesa Didier Raoult, mtu mwenye jina kubwa katika elimu ya vijidudu, alitoa matokeo ya wagonjwa 36. Ishirini walipewa haidroksiklorokwini, na sita kati ya hao wakaongezewa dawa nyingine, 16 hawakupewa. Ikasemwa kwamba virusi vilitoweka upesi zaidi puani mwa waliopewa.

Ukiisoma makala ile kwa makini utakuta kwamba walioanza kupewa dawa walikuwa 26, si 20. Sita walitolewa katika hesabu. Watatu kati yao walizidiwa wakapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, mmoja alifariki, mmoja aliondoka hospitali, na mmoja aliacha dawa kwa kichefuchefu. Fikiri, msomaji, juu ya mwalimu anayesifu matokeo ya darasa lake baada ya kuwafuta daftarini watoto waliofeli. Katika wale 16 wasiopewa dawa, hakuna hata mmoja aliyefariki wala kupelekwa chumba cha mahututi.

Hapa yafaa Waislamu tukumbuke jambo lililo letu. Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Rayy na Baghdad aliyefariki katika karne ya 10, ameandika katika kitabu chake al-Hawi kwamba alipotaka kujua kama kutoa damu kunawafaa wenye homa ya ubongo, aliwatoa damu kundi moja na kuliacha kundi la pili makusudi, ili apate kulinganisha. Juu ya kutoa damu hatumfuati tena, elimu imempita. Ila adabu yake ya kupima haijapitwa. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu cha pili cha al-Qanun ameweka masharti ya kuijaribu dawa. Miongoni mwake ni kwamba athari yake ionekane kila mara au mara nyingi, isije ikawa imetokea kwa sadfa, na kwamba ijaribiwe kwa mwanadamu, kwani yampatayo simba au farasi si hoja kwa mtu. Huyo farasi naye atarudi katika kisa chetu.

Turudi Marekani. Tarehe 19 Machi 2020 Rais Donald Trump aliisifu dawa hiyo mbele ya waandishi wa habari, na siku mbili baadaye akaandika kwamba yaweza kuwa miongoni mwa mageuzi makubwa kabisa katika historia ya tiba. Tarehe 28 Machi Idara ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ikatoa ruhusa ya dharura itumiwe hospitalini. Daktari Rick Bright, aliyekuwa mkuu wa idara ya serikali inayoshughulikia maandalizi ya dawa za dharura, aliondolewa kazini mwezi wa Aprili, naye akasema sababu ni kwamba alipinga kuisambaza bila ya ushahidi. Mwezi wa Mei rais mwenyewe akatangaza kwamba anaimeza kila siku ajikinge.

Neno la mtawala si kama neno la mtu wa barazani. Katika jimbo la Arizona mtu mmoja alikufa, na mkewe akalazwa, baada ya kunywa unga wa klorokwini uliotengenezwa kwa kusafishia matangi ya samaki wa mapambo. Lagos, Nigeria, hospitali zilipokea watu waliomeza kupita kiasi. India, mtengenezaji mkubwa wa dawa hiyo, ilifunga milango isiuzwe nje, kisha ikailegeza baada ya rais wa Marekani kudokeza kwamba angelipa kisasi. Na wale wagonjwa wa lupus niliokuomba uwakumbuke walikwenda kwenye maduka yao ya dawa wakaambiwa imekwisha. Wao walikuwa na maradhi ambayo dawa hiyo ilikwisha kuthibitika kuyatibu. Walinyang'anywa hakika, wakapewa wengine dhana.

Tangu hapo, kuuliza kama kidonge kinafaa kukawa sawa na kuulizwa uko chama gani. Aliyempenda rais alikipenda kidonge, na aliyemchukia alikiombea kishindwe. Naam, kishindwe, hali ya kuwa wagonjwa walikuwa wanakufa! Huo ni msiba wa moyo kabla haujawa msiba wa tiba.

Pengine utasema hayo ni ya Wamarekani. Basi tazama Brazil. Rais Jair Bolsonaro aliishika klorokwini kwa nguvu zaidi kuliko yeyote. Waziri wake wa Afya, Luiz Henrique Mandetta, aliye daktari, walihitilafiana juu ya kuwafungia watu majumbani na juu ya dawa hii. Akafukuzwa tarehe 16 Aprili 2020. Akaja Nelson Teich, naye daktari, akajiuzulu tarehe 15 Mei kabla hajatimiza mwezi. Akawekwa Jenerali Eduardo Pazuello, mwanajeshi asiye daktari, na tarehe 20 Mei wizara ikatoa mwongozo wa kuitumia klorokwini hata kwa wagonjwa wenye dalili nyepesi. Maabara ya jeshi ikafyatua vidonge zaidi ya milioni 3, na Marekani ikapeleka dozi milioni 2. Mwezi wa Julai rais alipougua mwenyewe aliimeza mbele ya kamera, na siku chache baadaye akapigwa picha katika bustani ya ikulu akiwaonyesha kisanduku cha dawa hiyo ndege wakubwa mfano wa mbuni wanaofugwa hapo. Watu walicheka sana. Sijui kama kulikuwa na la kuchekesha.

Kwani mwezi wa Januari 2021 yalitokea ya Manaus, mji mkubwa wa msitu wa Amazon. Wagonjwa walijaa hospitalini na haja ya oksijeni ikapanda kupita uwezo wa wauzaji. Katika siku zizo hizo Waziri Pazuello alikuwa mjini humo, na wizara yake ilikuwa ikihimiza kile walichokiita matibabu ya mapema, yaani klorokwini na wenzake. Tarehe 14 Januari oksijeni ikakatika. Watu walikufa vitandani kwa kukosa hewa, jamaa zao wakikimbia mitaani kutafuta mitungi ya kununua, mpaka Venezuela, nchi maskini jirani, ikaleta malori. Ukitaka kujua ubaya wa dawa isiyofaa, usitazame sumu yake tu. Tazama ni kipi ambacho wakubwa hawakukishughulikia walipokuwa wakiishughulikia hiyo. Baraza la Seneti la Brazil liliunda kamati ya kuchunguza, na tarehe 26 Oktoba 2021 ripoti yake ikapita kwa kura 7 dhidi ya 4, ikipendekeza rais ashitakiwe. Wakati huo waliokufa Brazil walikuwa wamepita 600,000.

Mpaka hapa yawezekana msomaji amekwisha kuona nani mbaya na nani mwema. Asifanye haraka.

Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet la Uingereza, ambalo madaktari ulimwenguni huliheshimu mno, lilichapa makala iliyosema kwamba wagonjwa 96,032 katika hospitali 671 za mabara sita wamechunguzwa, na waliopewa dawa hizi walikufa zaidi. Wapinzani wa dawa walifurahi. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio yake ya haidroksiklorokwini, na Ufaransa ikaiondoa ruhusa ya kuitumia. Kisha wataalamu wakaanza kuuliza maswali. Hospitali hizo ni zipi? Australia, ambako hesabu iliyotangazwa hadi tarehe 21 Aprili ilikuwa vifo 67, imepataje vifo 73 katika makala? Takwimu zilitoka kwa kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Surgisphere, nayo ilipotakiwa kuzionyesha kwa wachunguzi ikakataa. Tarehe 4 Juni waandishi watatu kati ya wanne waliifuta makala yao. Haikutimia wiki mbili.

Surat al-Hujurat, katika aya ya 6, imetuamuru tuichunguze habari kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Sisi huisoma aya hiyo tukimfikiria mwongo aliye adui yetu. Lakini habari ya Surgisphere haikupokelewa na wajinga. Ilipokelewa na wenye elimu, kwa sababu ilisema walichokuwa wakitamani kukisikia. Na ubaya wake uliendelea, maana wafuasi wa kidonge walipata hoja ya kusema kwamba ushahidi wote dhidi yake ni wa kubuni. Utawajibuje, hali ya kuwa mmoja ulikuwa wa kubuni kweli?

Jibu lilikuja kutoka mahali ambapo siasa haikutiliwa maanani. Katikati ya mwezi wa Machi 2020 Chuo Kikuu cha Oxford kilianza jaribio liitwalo RECOVERY chini ya Peter Horby na Martin Landray, katika hospitali zaidi ya 170 za Uingereza. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Mgonjwa akikubali, kompyuta humpigia kura: ama apewe dawa juu ya matunzo ya kawaida, ama apate matunzo ya kawaida peke yake. Daktari hachagui, wala rais, wala profesa. Kwa hiyo wazee kwa vijana, na wenye hali mbaya kwa wenye nafuu, huangukia pande zote mbili sawasawa, na baada ya siku 28 huhesabiwa waliokufa. Hakuna anayefutwa daftarini. Sura ya 83 imewaonya vikali wapunjao vipimo sokoni; nami naona kwamba kupima dawa ni kipimo kizito kuliko cha mchele.

Tarehe 5 Juni 2020, siku moja baada ya makala ya The Lancet kufutwa, Oxford wakatangaza kwamba haidroksiklorokwini haikuokoa maisha. Hesabu kamili ilipotoka, waliopewa walikuwa 1,561, na katika kila 100 walikufa 27. Wasiopewa walikuwa 3,155, na katika kila 100 walikufa 25. Tarehe 15 Juni Marekani ikaiondoa ile ruhusa ya dharura.

Na siku ya pili yake, tarehe 16 Juni, mizani ile ile ikatoa neno jingine. Deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe inayotumika tangu zaidi ya miaka 50, bei yake rahisi, haina mwenye hakimiliki, iliwaokoa wagonjwa. Miongoni mwa waliokuwa katika mashine ya kupumulia, walikufa 29 katika kila 100 waliopewa, badala ya 41. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu. Angalia vizuri, ndugu yangu. Nayo ilikuwa dawa kongwe iliyochukuliwa kutoka maradhi mengine, kama klorokwini. Hata Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri dawa za jamii hiyo zisitumike kwa Uviko kwa kawaida. Ushahidi ulipokuja likabadilisha ushauri. Wanaosema kwamba madaktari huzikataa dawa za bei rahisi ili makampuni yapate kuuza za ghali, na waeleze jambo hili. Deksamethasoni haikuwa na rais wa kuipigia debe wala wafuasi wa kuipigania. Rais Trump alipolazwa mwezi wa Oktoba 2020 madaktari wake walitangaza dawa walizompa. Deksamethasoni ilikuwamo. Haidroksiklorokwini haikutajwa.

Yaliyobaki tutayapita upesi, kwani njia ni ile ile. Klorokwini ilipoanguka ikainuliwa aivamektini. Dawa hii nayo ina heshima yake. Asili yake ni kijidudu cha udongo wa Japani; waliohusika na kugunduliwa kwake, Satoshi Omura na William Campbell, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2015; na imewaokoa Waafrika wengi na upofu wa usubi. Watanzania wengi wa pwani wameimeza katika kampeni za matende na mabusha. Ndiyo sababu sikupendezwa mwezi wa Agosti 2021 ile Idara ya Dawa ya Marekani ilipoandika kwa mzaha kuwaambia watu kwamba wao si farasi. Ni kweli wako waliomeza dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi, na onyo lilihitajika. Lakini mtu mwenye hofu ukimfanyia kejeli hakusikii tena. Mwaka 2024 idara hiyo ilikubali kuliondoa tangazo lile ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na madaktari. Utafiti mmoja wa Misri ulioisifu sana aivamektini ulikwisha kuondolewa mwezi wa Julai 2021 kwa shaka juu ya takwimu zake. Mwezi wa Machi 2022 likachapwa jaribio la kura lililofanywa Brazil kwa wagonjwa 1,358. Walioishia kulazwa au kukaa muda mrefu katika chumba cha dharura walikuwa karibu 15 katika kila 100 kwa waliopewa aivamektini, na 16 kwa wasiopewa. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kutegemewa.

Nasi huku tusijitoe. Mwezi wa Aprili 2020 Rais Andry Rajoelina wa Madagascar alikunywa mbele ya watu dawa ya chupa iliyotengenezwa kwa mmea wa artemisia, na mwezi wa Mei ndege ya serikali ya Tanzania ilikwenda kuichukua. Mmea huo ndio unaotoa dawa ya malaria tunayoitumia sasa badala ya klorokwini, basi haikuwa aibu kuujaribu. Lakini wengi wetu tuliisifu kwa kuwa ni ya Afrika kabla hatujauliza kama inaponya, na tuliouliza tulionekana watumwa wa Wazungu. Nilikaa baraza moja ambapo mtu aliulizwa amepata wapi hakika yake, akajibu kwa kutaja rangi ya aliyeitengeneza. Hatukumpinga.

Ile ruhusa ya dharura ilipoondolewa, ghala la serikali ya Marekani lilibaki na dozi milioni 63 za haidroksiklorokwini zisizo na kazi. Ama makala ya Marseille, ile ya wagonjwa 36, iliendelea kuwapo katika jarida lake kwa miaka minne na miezi tisa. Waandishi wake watatu waliomba wasihusishwe nayo tena. Ikafutwa mwezi wa Desemba 2024, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni shaka kama wagonjwa wote walikuwa wameombwa idhini yao kama ilivyopasa.